Maharage ya Mwaka wa Matope

Shangazi yangu Paskalina alikufa kitandani mwake, kwa uzee, nyumbani kwake Gitting, ubavuni mwa Mlima Hanang, na nataka hilo lijulikane kabla ya jingine lolote. Hakufa kambini. Hakufa huko tambarare walikotaka kumpeleka, wala hakufa kwa matope, ingawa matope yalimtafuta mara mbili. Alikunywa uji wake wa asubuhi, akalalamika kwamba umepoa, akageukia ukutani, basi. Habari ilinifikia Babati kwa simu, nikiwa nimekaa mbele ya televisheni nagombana na mtangazaji. Najua hanisikii, wajukuu wangu hunikumbusha kila siku. Lakini jioni ile alikuwa anazungumzia mvua, na wakarudia zile picha ambazo nchi nzima inazijua sasa, matope yaliyoshuka kutoka Mlima Hanang yakapita katikati ya nyumba za watu, na chini ya picha wameandika kwa herufi kubwa kwamba hayo ni maafa ya asili. Nikamwambia, "Endelea, baba, usiishie hapo." Akaishia hapo, akaingia kwenye habari za mpira. Ndipo simu ikalia.

Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote ya kazi, na sina ugomvi na mvua. Mvua inanyesha inapotaka. Mlima nao una makorongo na mawe yake, na ukilowa kupita kiasi unateleza. Ninachokataa ni kusimulia kana kwamba watu walidondoka kutoka mawinguni wakajikuta wamelala mdomoni mwa korongo. Wazee wetu waliihesabu miaka kwa mabaya yake: mwaka wa nzige, mwaka ng'ombe walipoisha, mwaka wa kula mizizi, mwaka ardhi ilipotikisika hadi vibuyu vikaanguka kutoka ukutani. Ukiwauliza kwa utulivu, kila mwaka ulikuwa na hadithi nyuma yake. Chini kule, kuelekea Basotu, ndiko kulikokuwa na ardhi pana ya kulisha na kulima, halafu yakaja mashamba makubwa ya ngano, watu na mifugo yao wakasogezwa, wakasogea, wakasogezwa tena, na wengine wakapanda juu. Kisha ukaja wakati wa kuhamishiwa vijijini, watu wakapakiwa kwenye malori pamoja na vyungu vyao, wakashushwa mahali na kuambiwa wajenge kwa mstari. Shangazi alilipanda lori hilo akiwa mke kijana. Kwa hiyo mwaka mlima ulipotuangukia, sisi hatukuwa wageni wa maafa. Tulishawazoea hata wale wanaofuata baada ya maafa, wenye magari na ushauri.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na ninasubiri matokeo, na kwa kuwa kusubiri si kazi, nilitumwa kutoka kwetu Endagikot nikamsaidie shangazi. Nyumba yake ilikuwa ya kizamani. Sehemu ya nyuma ilichimbwa ndani ya mteremko, hivi kwamba ukuta wa nyuma ulikuwa mlima wenyewe, na mbele kulikuwa na mlango mmoja mfupi. Ukiingia unainama, kisha unasimama kidogo gizani mpaka macho yazoee. Ndama na mbuzi walilala kulia, sisi kushoto, na juu ya moto kulikuwa na dari ya fito ambako mahindi ya mbegu yalikaushwa kwa moshi. Tulikula ugali na majani ya maboga, na maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu kilichonukia mkaa. Mume wa shangazi alikuwa mtu wa maneno machache mno. Binti yao wa pekee, Anjela, wa darasa la tatu, aliyatumia maneno yote ambayo baba yake aliyabakiza. Alinifuata kila mahali akitaka nimwambie Kiingereza cha vitu: sufuria, wingu, kinyesi cha mbuzi. Hicho cha mwisho sikukijua, na alinicheka wiki nzima, akawaambia majirani kwamba binamu yake amesoma miaka yote hiyo na hajui kitu kinachoonekana kila siku.

Mvua haikukatika tangu Krismasi. Siku ya gulio shangazi nami tulishuka na viazi. Mumewe alibaki na ng'ombe, na Anjela alibaki kwa sababu ya mafua. Ilikuwa mchana, watu wanapatana bei, tukasikia mngurumo. Mimi nilidhani lori la mawe limepinduka. Shangazi aliviacha viazi palepale, akaanza kupanda akikimbia, mimi nyuma yake, na mtu mzima yule sikuweza kumfikia. Tulipotokea juu, eneo lote la chini ya korongo lilikuwa rangi moja. Nyumba ya shangazi ilibaki ukuta mmoja wa pembeni. Mumewe tulimpata kesho yake karibu na zizi, ameshika kamba. Anjela hatukumpata. Watu walichimba kwa majembe, kwa sufuria, kwa mikono, wakaja vijana wa vijiji vya mbali, wakachimba mpaka matope yakaanza kukauka na kugoma. Alikuwa mle shambani, mahali fulani kati ya ukuta uliobaki na mti wa mringaringa. Hadi leo yumo mle.

Walituweka shuleni, sisi wa chini ya korongo, familia baada ya familia. Chumba chetu kilikuwa cha darasa la tano. Madawati yalipangwa juu ya mengine kando ya ukuta, na ubaoni kulikuwa na hesabu za kugawanya ambazo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzifuta. Chumba kilinuka moshi, nguo mbichi na chaki. Mwalimu Zuhura, binti wa Tanga aliyepangiwa huku mwaka uliotangulia na ambaye baridi ya Gitting ilimtesa hadi akavaa soksi mikononi, alitupa jiko la shule na mafiga yake. Msaada ulikuja kwa magunia: unga wa njano na maharage mekundu. Kila siku ugali wa njano na maharage mekundu. Watu walikula wakitazama sahani. Usiku walilia kwa zamu, lakini mchana walizungumza, na mimi, ambaye nilikuwa mdogo kiasi cha kusahaulika na mkubwa kiasi cha kuelewa, nilisikiliza.

Hapa lazima nieleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Zamani kifo kilipoingia kwenye nyumba, nyumba hiyo ilitengwa kwa muda. Tunaita metimani. Waliofiwa hawakula sahani moja na wengine, hawakuchota maji pamoja nao, hawakupita kwenye mashamba yao, na zaidi ya yote hawakugusa mbegu ya mtu. Kanisa lilikuwa limelipunguza jambo hilo, lakini halikuliondoa. Mtu angekwenda kupokea komunyo Jumapili na Jumatatu akazunguka mbali asikanyage shamba la jirani. Sikuwahi kuliona kuwa ukatili. Lilikuwa namna ya kukizuia kifo kisitembee nyumba hata nyumba, na mimi niliyekuja kufanya kazi kwenye wodi za kipindupindu siwezi kuwacheka waliolibuni. Lakini lilitungwa kwa ajili ya kijiji ambamo nyumba moja imefiwa na nyingine zote ni nzima. Hakuna aliyewahi kufikiria kijiji ambamo wote wamefiwa kwa mchana mmoja.

Wote, isipokuwa nyumba moja. Mzee Tluway na mkewe, Mama Emanueli, walikaa ng'ambo ya korongo, kwenye kilima. Matope yalichukua ghala lao na jiko, wakaja shuleni kama sisi, lakini hawakupoteza mtu, na maksai wao wawili walikuwa hai. Mzee alikuwa mtu wa mila kweli kweli. Alikataa kuingia darasani kwetu. Alikaa barazani na mkewe, na chakula chao kilipakuliwa kwanza, kwenye sahani zao, kabla kijiko hakijagusa ya kwetu. Wakala peke yao, wametupa migongo. Sisi ndani tulikuwa umati, tunabanana, tunachotana mboga, watoto wanagombea ukoko. Wao nje walikuwa wawili na upepo. Siku moja shangazi aliwatazama kupitia mlangoni kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hebu oneni. Aliyetengwa hapa ni nani?" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitoa sauti ya mzaha tangu gulio, na wanawake walicheka hadi wakaona aibu.

Mambo yalibadilika siku niliyokuwa nikiosha sufuria chini ya dirisha la ofisi ya walimu. Ndani alikuwepo bwana mmoja wa kutoka wilayani, mwenye koti la mvua, akizungumza na Mwalimu Zuhura.

"Mwezi wa nne malori yatapatikana," alisema. "Tutawapeleka chini, ng'ambo ya Basotu. Huku juu patafungwa."

"Na huko chini kuna nini?"

"Kuna nafasi."

"Maji je?"

"Yatachimbwa."

"Jamani, na hawa watakubali? Wana maiti zao huku."

"Watakubali tu, mwalimu. Nyumba hawana, mazao hawana. Mtu asiye na kitu shambani atabishania nini?"

Nilikwenda kumwambia shangazi. Alikuwa amekaa na ungo mapajani, anachambua maharage ya jioni. Alisikiliza bila kuinua kichwa. "Hayo ya mwisho," akasema, "yarudie." Nikarudia. Mtu asiye na kitu shambani atabishania nini. Akachukua punje moja, akaiuma, akaitazama ndani. Akachukua nyingine. Kisha akafunga punje kadhaa kwenye kitambaa kilicholowa na kuzilaza karibu na mafiga, penye joto, na akanikataza kumwambia mtu. Baada ya siku chache alikifungua kitambaa mbele ya wanawake wote wa darasa la tano. Punje karibu zote zilikuwa zimetoa ulimi mweupe.

Kuanzia jioni ile mchuzi wetu ulikuwa mwepesi. Kila mwanamke alichambua maharage, mabovu na madogo yakaenda sufuriani, makubwa yakaenda kwenye foronya chini ya madawati. Tulikuwa na njaa, nisidanganye. Watoto waliuliza kwa nini maharage yanapungua na magunia ni yale yale, na wakaambiwa kwamba maharage yamechoka safari. Tuliambiwa msaada ni wa kula, si wa kufanyia jambo jingine, na bwana wa koti la mvua alisisitiza hilo kila alipokuja. Mwalimu Zuhura aliingia siku moja kutafuta dasta, akaburuta dawati, foronya ikamwangukia mguuni. Akaipapasa. Akatutazama. "Mimi kwetu sisi watu wa mchele," akasema, "mambo ya maharage siyajui," akairudisha pale pale na dawati juu yake. Tangu siku hiyo akatuletea chumvi zaidi, ili mchuzi ule mwepesi uwe na ladha.

Mbegu ilikuwepo. Kilichobaki kilikuwa matope yenyewe, ambayo yalikuwa yamekauka juu yakawa kama sakafu, na jembe la mkono lilidunda. Tulihitaji maksai, na maksai walikuwa wa Mzee Tluway. Shangazi alitoka nje mchana, akaenda barazani, akasimama mbali kidogo naye kama heshima inavyotaka, akamsalimia shikamoo ingawa umri wao haukupishana sana. Sote tulikuwa mlangoni.

"Baba, naomba maksai. Siku nne tu, tukwangue ardhi."

"Mfiwa hashiki mbegu, Paskalina. Unajua. Akiishika inakufa, na shamba la jirani linachafuka."

"Jirani yupi, baba? Huyu hapa kafiwa na mume. Huyu watoto. Huyu mama mkwe. Nimchafue nani?"

"Utanichafua mimi."

"Basi wewe baki hapo. Nipe maksai peke yao."

Mzee alitikisa kichwa, na nakumbuka kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, hofu halisi ya mtu anayeona jambo baya linakuja na watu wanalifungulia mlango. Akashusha sauti. "Binti yako yumo mle. Unataka nipitishe plau juu yake?"

Nilitaka kumrukia mzee yule. Shangazi alisimama tu, mikono imeshika kitenge.

"Yumo," alisema. "Ndiyo maana siendi Basotu. Nimwache na nani? Na kama atalala mle, baba, bora alale chini ya maharage kuliko alale chini ya matope."

Mzee akageuza uso. Shangazi akarudi ndani, akakaa, akaanza kupakua chakula cha mchana kwa sababu kilikuwa kimeiva. Tukakaa kuzunguka sinia. Hakuna aliyekuwa amenyoosha mkono bado, mlango ukawa giza kidogo, na pale alisimama Mama Emanueli. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, ambaye katika wiki zote hizo sikuwa nimemsikia akisema neno mbele ya mumewe. Alivua kandambili. Aliingia, akasukuma watu kwa makalio akapata nafasi kando ya shangazi, akamega ugali, akauchovya kwenye bakuli la shangazi, lile lile, akala. Akamega tena. "Mimi nimekula peke yangu ya kutosha," akasema akiwa bado anatafuna. "Na chumvi ya huku ni nzuri zaidi." Shangazi hakuwa amelia tangu walipomzika mumewe. Alilia hapo, mdomo wazi, ugali mkononi, na Mama Emanueli akaendelea kula na kumpapasa mgongo kwa mkono mwingine.

Sasa Mzee Tluway akawa na tatizo ambalo mila yake haikumwandalia. Mkewe asingeweza kurudi barazani. Alijaribu kukaa peke yake. Alijaribu hata kujipikia ugali kwenye kopo, na harufu ya kuungua ilitufikia darasani, na Mama Emanueli akasema kwa sauti ya kutosha kusikika nje, "Huyo ni mtu msafi anapika." Mzee alikuwa na kiburi, akashinda na njaa. Lakini Jumapili baada ya ibada hakuonekana, na Jumatatu asubuhi tuliposhuka shambani na majembe yetu ya mkono kwenda kugonga ile sakafu, tulimkuta amesimama ukingoni, maksai wamefungwa nira, plau imelala ubavu. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Hakutusalimia na hatukumtania. Aliuliza tu, "Mnaanzia wapi?"

Tulilima shamba baada ya shamba, bila wimbo. Kwetu kazi ya pamoja haifanywi kimya, kuna nyimbo na kuna pombe ikimalizika, lakini mwaka ule kila mtu alisikiliza plau tu, maana hakuna aliyejua itagusa nini. Tulipofika kwa shangazi, yeye alitembea mbele ya maksai akipapasa ardhi kwa nyayo. Karibu na mringaringa akainua mkono. Mzee akasimamisha. "Hapa nitalima mwenyewe," shangazi alisema. Akachukua jembe, akalima kipande kile chote kwa mkono, taratibu, juu juu tu, akizungumza chini chini, na sikujaribu kusikia anachosema kwa sababu hakikuwa changu. Kisha akaniita. "Vero, lete mbegu." Tukapanda pamoja, yeye akifungua shimo, mimi nikidondosha punje na kufukia kwa mguu. Nilikuwa na huzuni na nilikuwa na furaha, na sikujua kwamba mtu anaweza kubeba vyote viwili bila kupasuka. Hilo ndilo nililojifunza mwaka ule, na lilinisaidia kazini kuliko vitabu.

Malori yalikuja maharage yakiwa yametoa maua. Sisi tulikuwa tunapalilia, tumeinama, mstari mzima wa wanawake, na tuliyasikia yakisimama barabarani na milango ikifunguliwa. Tulikuwa tumekubaliana kwamba hakuna atakayegeuka. Bwana wa koti la mvua akashuka akaja hadi ukingoni.

"Akina mama! Nani kawaruhusu kulima hapa?"

Tukaendelea kung'oa magugu. Akarudia. Shangazi akajinyoosha, akajishika kiuno.

"Kwetu mtu anasalimu kwanza."

Yule bwana akatazama maua, akatazama migongo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa sema."

"Mama, hapa ni hatari. Mlima unaweza kushuka tena."

"Hilo nalijua kuliko wewe. Nyumba tutazihamishia kule kilimani kwa Mzee Tluway, ameshatugawia ardhi. Korongo tutalichimbia njia lipite pembeni. Lakini chini siendi. Lori lenu nilishalipanda mara moja, nikaambiwa ninakopelekwa kuna kila kitu. Nilikuta miba."

"Sasa malori yametoka mbali. Yarudi matupu?"

"Yatarudi na wewe," shangazi alisema, akainama kwenye magugu yake.

Hakuwa mtu mbaya, yule bwana. Alikuwa mtu mwenye maagizo. Alipiga alama ya X kwa rangi nyekundu kwenye ukuta mmoja uliobaki wa nyumba ya shangazi, kuonyesha kwamba hapakaliwi tena, na shangazi alimtazama kama mtu anayemsubiri fundi amalize kazi aondoke. Familia kadhaa zilipanda malori, zilikuwa na watoto wagonjwa na zilikuwa zimechoka, na sijawahi kuzilaumu. Wengine tulibaki. Tulivuna. Maganda yenye mbegu shangazi aliyaanika kwenye misumari aliyopigilia juu ya ile X, na tangu siku hiyo ukuta ule ukawa wa kuanikia. Nyumba zilihamia kilimani, korongo likachimbiwa njia kwa jasho la misimu mingi, miti ikapandwa juu yake. Hatukubishana na mlima, tulibishana na lori. Watu wanaotusema wakaidi hawajawahi kuona tofauti hiyo.

Miaka michache iliyopita, matope yaliposhuka tena Hanang, sehemu yake iliingia kwenye njia tuliyochimba ikapita. Shangazi alikuwa kilimani, mzee kabisa, amefunikwa blanketi, anasikiliza. Sisimulii hivyo kwa kujivuna. Kwingine watu hawakuwa na kilima cha kuhamia, na walikuwa wamekaa pale walipokaa kwa sababu ile ile iliyotuweka sisi chini ya korongo. Waliokufa hawakuwa wakaidi wala wajinga. Walikuwa watu waliobakiziwa mahali pale, na nitalirudia hilo mbele ya televisheni hadi nami nigeukie ukutani.

Tulimzika shangazi shambani, kando ya mringaringa, karibu na Anjela kadiri tulivyoweza kukisia. Alikuwa ameagiza hivyo. Mwezi ulikuwa wa tatu, mawingu mazito, udongo umeshalegea. Kwa kuwa hakuacha mtoto, mfiwa mkuu nilikuwa mimi, na dada mmoja wa jikoni, kwa heshima tu, alinipakulia sahani yangu peke yangu na kunikalisha pembeni. Vijana wa siku hizi hata neno metimani hawalijui, lakini mkono wake ulilijua. Nilikuwa sijagusa chakula Mama Emanueli alipoletwa, ameshikwa huku na huku na wajukuu. Mzee Tluway alishatangulia kaburini zamani. Mama Emanueli akakalishwa kwenye kiti kando yangu, haoni vizuri tena, akapapasa mpaka akaipata sahani, akamega, akachovya, akala. Akatafuna polepole sana kwa meno yaliyobaki. Alipomeza akauliza, "Vero, mbegu mnayo?"

Tulikuwa nayo. Ilikuwa imening'inia ukutani, juu ya rangi nyekundu iliyofifia, maharage mekundu, uzao wa uzao wa yale ya magunia. Asubuhi iliyofuata, waombolezaji wengine wakiwa bado wanakunywa chai, mimi mwenye msiba nilishika jembe mbele ya watu wote na wanawake wakaja nyuma yangu, tukapanda shamba lote, tukazunguka kaburi, tukaliacha kaburi lenyewe la mwisho, kisha na lenyewe tukalipanda. Mgongo uliniuma kama adhabu. Karibu na mwisho wa kazi kijana mmoja alishuka kwenye pikipiki barabarani, amevaa kizibao cha kung'aa, ana kopo la rangi mkononi. Alisema wanapitia upya maeneo yote ya chini ya korongo. Alinisalimia kwanza, shikamoo nzuri, kwa hiyo nilimsikiliza. Alitazama ukuta ule mmoja, akatazama udongo mtupu, mweusi, uliokuwa umetoka kufukiwa.

"Pole na msiba, mama," akasema. "Bibi ndiyo ameondoka. Sasa hapa atakaa nani?"

Nikajifuta mikono kwenye kitenge.

"Subiri mvua," nikamwambia. "Utawaona."